Safu za Mkiani

Machi 2

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Nimefika maabara viatu vimejaa maji, Profesa ananitazama kama mimi ndiye niliyeileta.

Daftari hili nimelitoa stoo. Ni la kazi, kurasa zina namba, na sheria zake nimezishika miaka kumi na sita: hakuna kuchana ukurasa, hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, kisha unatia sahihi na tarehe. Nimeona nitumie sheria hizohizo kwa mambo yangu mwenyewe. Tuone nitafika wapi, maana mimi na uvumilivu hatujuani vizuri.

Machi 5

Mvua.

Machi 9

Nieleze kazi, nisije nikajisahau nikazeeka. Tunasaga soya na mizizi ya mmea mmoja wa jamii ya kunde, tunaloweka kwenye spiriti, tunachuja, tunakausha, mpaka unabaki unga wenye umanjano. Ndani yake mna isoflavoni. Zinafanana na homoni ya kike, ile estrojeni, kiasi kwamba seli inazifungulia mlango ikidhani ni wenyeji. Profesa ana imani kuwa zikishaingia zinaweza kuua saratani ya matiti. Kwenye sahani zetu zinaua kweli, nimeona kwa macho yangu.

Seli tunazozijaribia ni za mwanamke mmoja aliyekufa kabla mimi sijaanza shule. Alitolewa saratani yake kidogo, ikafugwa kwenye chupa, ikakataa kufa. Yeye alizikwa, zenyewe zinagawanyika mpaka leo. Tunamwita Bibi. Anakaa kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba, joto la mtu mzima wa afya.

Mama Chupa, anayetuoshea vyombo, ndiye aliyeanzisha desturi: hakuna kufungua kabati bila kuamkia. "Shikamoo, Bibi." Na kwa kuwa Bibi hana mdomo, yeyote aliye karibu anamwitikia: "Marahaba." Profesa naye anaamkia, na shahada zake zote tatu. Nilipokuwa mgeni nilicheka. Mama Chupa akanikata jicho. "Aliyekuzidi umri amekuzidi tu, hata akiwa ndani ya chupa." Siku hizi sicheki.

Machi 12

Sahani moja ina visima vidogo tisini na sita, safu kumi na mbili. Safu ya kwanza inapata dawa kali, ya pili theluthi yake, ya tatu theluthi ya hiyo, hivyo hivyo mpaka ya kumi na moja, inayopata harufu tu. Ya kumi na mbili haipati kitu, ndiyo ya kulinganishia. Baada ya siku tatu mashine inahesabu seli zilizo hai.

Safu za mbele ni msiba mtupu. Za kati, nusu kwa nusu. Za mkiani, ya tisa mpaka ya kumi na moja, kwangu zinaharibika kila mara: seli zinakuwa nyingi kuliko hata zile ambazo hazikupewa dawa. Mkono wangu unatetemeka tangu utotoni. Dada yangu ndiye aliyenipachika jina la Tetemeko, na jina likanifuata mpaka kazini. Nikifika safu ya tisa, mkono umechoka. Profesa aliniambia mwaka wangu wa kwanza, "Hizo ni za mkono wako, ziache, zinatuharibia mstari." Basi kwenye daftari safi nanakili nane za mwanzo na ya kulinganishia, na pembeni naandika: *mkono umechoka*. Mafundi waliokuja nyuma yangu nao wanaandika hivyo hivyo, hata wenye mikono iliyotulia. Aibu yangu imegeuka kuwa utaratibu wa ofisi, jamani.

Machi 17

Dada alikuja. Ni dereva wa basi la shule, na sauti yake inawakalisha watoto hamsini bila honi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Tetemeko. Nipe maji ya baridi kabla sijaungua hapa mlangoni."

Miaka miwili iliyopita walimtoa titi la kushoto. Saratani yake ni ya aina ya Bibi, ile inayolishwa na homoni, kwa hiyo anameza kidonge kila siku cha kuifungia homoni mlango. Atakimeza miaka mitano. Kidonge kinamwasha moto, kinamkaza magoti, kukanyaga breki ni kazi.

Akanywa bilauri mbili, akanikazia macho. "Hivi nyie mnaoua saratani kila siku huko, mnaua ya nani?"

"Ya Bibi."

"Bibi wa watu alishakufa. Yangu mtaiua lini?"

Nikamwonyesha kwenye simu mstari wa sahani zetu. Unateremka vizuri, hauna hata kinundu. Akautazama sana. "Nataka huo."

Nikamwambia hayo ni mambo ya sahani, mwili ni kitu kingine, na Profesa amekataza kutoa hata punje. Akanyamaza. Dada akinyamaza, ogopa.

Machi 19

Nimechukua. Kopo moja la unga wa mabaki, ambao ungetupwa. Kijiko kimoja cha chai kwenye maziwa, kila asubuhi. Nimemwambia vidonge asiache. "Sawa, mama," akasema, akinikejeli.

Najua nimevunja sheria. Lakini niseme ukweli: nimerudi nyumbani na mvua yangu kichwani nikiimba. Miaka kumi na sita namhudumia mama wa watu. Leo nimemhudumia wa kwetu.

Machi 20

Mvua. Anasema unga una ladha ya chaki.

Machi 28

Dada amepanda ngazi zangu bila kupumzika! Magoti hayaumi, ule moto umepungua, anavimba kichwa utadhani yeye ndiye aliyeugundua huo unga. Shemeji, mumewe, ni kinyozi, mtu wa maneno matatu kwa siku. Leo amenipa yote kwa mkupuo: "Asante sana, shemeji."

Aprili 4

Mvua. Kopo la pili.

Aprili 11

Jarida tulilopelekea makala limejibu. Wanataka namba za kila kisima, kama zilivyotoka kwenye mashine. "Kazi ndogo," Profesa akasema. "Tetemeko, zitoe." Kazi ndogo kwake, maana makabati ya stoo hafungui yeye.

Aprili 13

Niandike polepole, maana mkono leo unatetemeka kweli.

Nilitoa karatasi za mashine, sahani arobaini na moja. Nikazipanga sakafuni stoo, nikapiga magoti, nikaanza kusoma zile safu ambazo sijawahi kuzinakili. Ya tisa, juu. Ya kumi, juu zaidi. Ya kumi na moja, juu kidogo. Sahani ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nikajiambia, ni mkono wangu, na mkono ukikosea kila siku lazima ukosee vilevile. Nikachukua karatasi za wenzangu. Vilevile.

Mwaka jana tuliletewa kwa majaribio mashine ya kudondosha dawa yenyewe. Ilifanya sahani tatu, ikarudishwa ilikotoka. Nikazitafuta karatasi zake. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja: juu. Na pembeni, kwa mwandiko wa mmoja wetu, imeandikwa: *mkono umechoka*.

Mashine haina mkono. Tuliandika tu, kwa mazoea, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Nikampelekea Profesa zote. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. "Ikiwa nyingi inaua," alisema. "Ikiwa kidogo inalisha. Inaingia mlangoni na kufanya kazi ya homoni." Akavua miwani. "Wengine walishaliona hili, mimi nikawa nasema sisi kwetu halipo. Soya ya mezani sina ugomvi nayo, watu wanakula na wanaishi. Lakini huu wetu umekolezwa, na mtu mwenye saratani kama ya Bibi..." Hakumaliza. Akaniuliza mbona nimepauka. Nikasema ni mvua.

Nilirudi kwenye benchi langu, nikachukua kikokotoo. Kijiko cha chai. Kiasi kinachopita tumboni, kiasi kinachochujwa na ini, lita tano za damu. Nikapiga hesabu mara tatu. Mara zote tatu niliangukia palepale. Safu ya kumi.

Aprili 14

Nimemwambia Dada unga umekwisha na hautatengenezwa tena. "Aka! Na mimi niliyeanza kuizoea hiyo chaki?" Sikumwambia sababu. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

Aprili 16

Mvua. Sikumwambia.

Aprili 18

Sikumwambia. Nilifungua kabati asubuhi nikiwa peke yangu, nikasema shikamoo, nikasimama kungoja. Nikasikia marahaba. Ni feni ya kabati. Najua ni feni, niliwahi kuibadilisha kwa mikono yangu.

Aprili 19

Nimemtazama Bibi kwenye hadubini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Seli zimeshikana mabega zimejaa chupa, zina afya, zina njaa. Zamani nilikuwa nawaambia wageni, tazameni zilivyo nzuri. Leo nilitamani kuzimwagia dawa ya kufulia. Nilimwona huyu mwanamke amekaa kwenye kiti cha mbele cha basi la shule, nyuma ya dereva, ananingoja niseme.

Aprili 22

Shemeji alikuja kazini. Hajawahi kufika hata siku moja. Alisimama getini amelowa chapachapa, na lile koti lake jeupe la kunyolea, nywele za mteja bado begani.

"Kuna kitu kwapani," akasema.

Aprili 26

Hospitali, kutwa nzima. Tezi mbili kwapani. Na ini lina madoa.

Daktari wa saratani, mama mmoja mpole, alisema madoa ya ini huenda yalikuwepo hata kabla ya mvua kuanza. Nilimfuata koridoni, nikamwuliza mara mbili. Huenda, akasema. Hakuna mtu anayeweza kuniambia zaidi ya hapo, na neno hilo moja ndilo nitakalolala nalo na kuamka nalo.

Aprili 29

Nimesema.

Alikuwa kitandani kwake mchana, dirisha wazi, mvua inapiga bati la jirani. Shemeji alikuwa ameenda kufungua duka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikazitoa karatasi, maana bila karatasi mimi si mtu. Nikamweleza yote. Safu za mkiani, mkono wangu, mashine isiyo na mkono, kikokotoo, siku kumi na tano nilizojitia hamnazo. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akachukua karatasi moja, akaisogeza mbali na macho, maana miwani haipendi.

"Kwa hiyo ule mstari ulionionyesha ulikatwa mkia."

"Ndiyo."

"Na aliyeukata ni wewe."

"Mimi, Dada."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu ya mkono wangu."

Akaiweka karatasi chini. Akavuta droo ya meza iliyo karibu na kitanda, akatoa kopo la biskuti, akalifungua mbele yangu. Lilikuwa limejaa vidonge. Vidonge vyake, vya tangu Machi.

"Na mimi niseme yangu," akasema. "Nilikunywa unga wako siku mbili nikaviacha hivi. Ndiyo maana moto ulipoa na magoti yakalainika. Unga wala haukufanya kitu. Niliona raha mdogo wangu kanitibu, nikasema hawa wa hospitali wakome."

Nilitaka kupiga ukelele. Nilimshika mikono, nikamwambia ningemwuliza ningejua, ningehesabu vidonge, mimi ambaye kazi yangu ni kuhesabu! Akaniambia ninyamaze, atamwita Mama Chupa anikate jicho.

"Basi ni nini?" nikamwuliza. "Ni unga, au ni vidonge, au yalikuwepo?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni dereva." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Naogopa, Tetemeko. Usidhani siogopi."

Nikapanda kitandani na viatu vyangu vya matope, nikalala ubavuni pake tulivyokuwa tukilala utotoni, mpaka Shemeji aliporudi.

Mei 3

Nimemwambia Profesa kwamba niliiba unga, nikamwambia kwa nani. Nilikwenda na funguo zangu mkononi tayari kumwaga unga, kazi basi. "Mimi ndiye niliyekwambia uziache," akasema. Leo hii hakunifukuza. Ameiondoa makala kule jaridani.

Mei 5

Kesho wanamtoa zile tezi. Dada amemwambia daktari kipande kimoja kije kwetu maabara. Amesaini fomu mwenyewe, kila ukurasa. Nilimkatalia, akanifokea kwa sauti ya basi zima, mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa wima.

"Mnamtumia mtu asiyejua hata lugha yenu. Nitumieni mimi, ninayejua. Ujaze safu zote kumi na mbili. Na majibu yakitoka uje unisomee mwenyewe, zote, usiruke hata moja. Umenisikia?"

"Nimesikia, Dada."

"Na humo kabatini waniamkie. Mpaka Profesa."

Mei 7

Kipande kidogo, hakizidi punje ya mchele. Nimekikata, nimekiosha, nimekiweka chupani, rafu ya chini ya Bibi. Seli za namna hii nyingi hufa ndani ya wiki mbili. Mama Chupa alikuja na kitambaa chake begani, akainama mpaka usawa wa rafu. "Shikamoo, dereva." Nilishindwa kumwitikia. Alijiitikia mwenyewe.

Mei 11

Zimeshika. Zimetandaza miguu chini ya chupa, zinataka kula.

Mei 15

Dripu ya kwanza ya Dada, ile dawa kali ya saratani. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii naingia asubuhi nikiomba seli ziwe zimekufa. Hazijafa. Zina ukaidi wa mwenyewe.

Mei 21

Mvua nyepesi. Shemeji amemnyoa Dada kichwa chote, taratibu, kwa wembe mpya, anampulizia shingoni kama anavyowafanyia wateja. Kisha Dada akajitazama kiooni. "Umeniachia unywele mmoja huku kushoto, bwana. Nirudishie hela yangu." Shemeji akacheka mpaka akatoka nje, na huko nje akakaa muda.

Dada akaniuliza, "Zinaendeleaje huko?"

"Zinakua."

"Nzuri?"

Nikamjibu ukweli. "Nzuri sana, Dada."

Akanishika kidole. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Mei 27

Homa. Wamemlaza, damu imekosa askari wa kinga kwa sababu ya dripu.

Mei 28

Homa.

Mei 29

Aliniuliza kama majibu yametoka. Nikasema bado, seli hazijatosha sahani. "Wee, fanya haraka," akasema.

Mei 30

Dada amefariki saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa.

Juni 2

Mvua imekatika.

Juni 6

Nimerudi kazini. Watu walinipa pole nikawa naitikia kama mashine. Nilifungua kabati bila kuamkia, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, maana sikuweza. Kule chini chupa ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo. Mtu wangu tumemzika Jumanne, na hapa yuko nyuzi thelathini na saba, ana joto kuliko mimi. Nilishika chupa ile kwa mikono miwili. Niliogopa kuidondosha, na niliogopa kutoidondosha.

Nimetandaza sahani. Safu zote kumi na mbili. Nilipofika ya tisa niliuweka mkono chini, nikapumzika, nikaendelea.

Juni 9

Mashine imetoa karatasi saa nne. Nimezinakili kwenye daftari la kazi, ukurasa wa mia na nne, kwa wino mweusi, safu zote, pembeni sikuandika kitu. Kisha nikarudi nyuma kwenye kurasa za zile sahani arobaini na moja. Kila palipoandikwa *mkono umechoka* na mimi, nimepiga mstari mmoja juu yake, nikaacha lisomeke, nikatia sahihi na tarehe ya leo. Profesa alivuta kiti, akatia sahihi yake chini ya yangu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kunitazama.

Nikachukua karatasi, nikaenda kabatini. Niliahidi kumsomea mwenyewe, na mahali pengine alipobaki sipajui. Nikafungua mlango. Lile joto likanipiga usoni.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Nikainama rafu ya chini. "Shikamoo, Dada."

Feni ilizunguka. Nilisimama pale na mlango wazi, jambo ambalo ni marufuku, joto linapotea, na sikuweza kuanza. Nyuma yangu nikasikia chupa zikigongana kwenye trei. Mama Chupa aliiweka trei chini, akafuta mikono.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Haya, soma."

Nikasoma. Ya kwanza, seli hai sita kwa mia. Ya pili, tisa. Ya tatu, kumi na nne. Niliendelea hivyo mpaka ya nane, nikavuta pumzi, nikasoma ya tisa, mia na kumi na nane. Ya kumi, mia na arobaini na moja. Ya kumi na moja, mia na ishirini. Ya kumi na mbili, ambayo haikupewa kitu, mia moja.

Sikuruka hata moja, Dada. Kisha nikafunga mlango.